Duka la katuni latimiza miaka kumi, filamu yetu mwaka mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kaunta, barazani, kwenye simu, na hata mlangoni mwa msikiti watu wanapotafuta viatu vyao. Nimeyajibu hapa mara moja nipate kunywa kahawa yangu ikiwa bado ya moto.

## Sherehe yenyewe

Mnasherehekea nini hasa?

Mambo mawili kwa siku moja. Duka limetimiza miaka kumi. Na filamu yetu ya shujaa, waliyoitengeneza vijana waliokulia kwenye baraza ya duka hili, imetimiza mwaka tangu ionyeshwe mara ya kwanza kwenye shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Wapo walioshauri tufanye sherehe mbili. Viti ni vya kukodi na waalikwa ni wale wale, basi moja yatosha.

Ni lini na wapi?

Jumamosi ya kwanza ya Februari, kuanzia baada ya Alasiri. Filamu yenyewe itaanza baada ya Isha, kwa sababu projekta yetu haishindani na jua. Mahali ni kiwanja kidogo mbele ya duka, Mji wa Kale, Mombasa. Ukitokea Fort Jesus shika Ndia Kuu, na ukipotea muulize mtoto yeyote "pale pa katuni". Usimuulize mtu mzima, atakupeleka kwa fundi wa televisheni.

Gari liache mbali. Vichochoro vyetu vilijengwa kwa ajili ya watu na punda.

Mbona msifanye Mei, kama wenzenu wa nje?

Anayeuliza hili huwa amesoma kwamba tangu 2002 maduka ya katuni ya Marekani hugawa vitabu vya bure Jumamosi ya kwanza ya Mei, na desturi hiyo imeenea nchi nyingi. Sisi pia tulisoma, na mwaka wetu wa pili tukaiga. Tulichosahau ni kwamba Mei ni masika, na kwa Mombasa hakuna mwezi wenye mvua nyingi kuushinda. Tulitandika vitabu kwenye mikeka saa nne asubuhi. Saa nne na robo aliyekuwa akinufaika na vitabu vya bure ni mbuzi wa jirani.

Februari ni kaskazi, hewa kavu, na karatasi haijikunji. Tena mwezi wa Ramadhani unakaribia, na tungependa watu wale viazi karai mchana bila wasiwasi.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Viti ni vya wazee na wajawazito, wengine tutakaa mkekani. Ukitaka kukaa vizuri, lete leso yako.

Watoto waje?

Waje, na mtu mzima. Kuhusu kama filamu inawafaa, tazama jibu la Bodi ya filamu huko chini.

Chakula je?

Viazi karai, kachri, mahamri na kahawa tungu. Sharti ni moja: mkono wenye ukwaju haushiki kitabu. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, na aliyewekwa pale ni bibi ambaye hasikilizi utetezi wa mtu.

## Duka

Duka lilianzaje?

Lilianza na sanduku. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na kila safari alirudi na vitabu vya katuni vya bandari alizopita, vingine kwa lugha ambazo hata yeye hakuzijua. Alipofariki, warithi waligawana saa, redio na kiti cha kusukasuka. Sanduku halikutakiwa na mtu. Nikalibeba, nikavitandika vitabu barazani, niuze nipate pesa ya stima.

Siku ya kwanza hakununua mtu. Watoto saba walisoma mpaka adhana ya Magharibi, na mmoja akaniuliza kesho nafungua saa ngapi. Swali hilo ndilo lililofungua duka, maana mimi sikuwa na mpango wa kesho.

Haya si mambo ya watoto?

Wanaoniuliza hivi wengi wao wana umri wa kukumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, na nakumbuka walivyolifungua gazeti: kwanza Juha, kisha siasa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la *Joe* jijini Nairobi, katuni na vichekesho vya watu wazima wanaohangaika na kodi ya nyumba na mwisho wa mwezi. Tanzania walikuwa na *Sani*, lililovuka mpaka likiwa limekunjwa ndani ya mizigo. Mwaka 2010 likaja *Shujaaz*, likigawiwa bure ndani ya magazeti, kwa Sheng, likizungumza na vijana juu ya kilimo na biashara ndogo ndogo kwa sauti ya kijana anayerusha matangazo kutoka chumbani kwake.

Kwa hivyo, la. Watoto ndio wanaokaa mbele, basi.

Naweza kusoma bila kununua?

Unaweza. Osha mikono, usikunje ukurasa, usilambe kidole, na kitabu kisivuke ukingo wa baraza.

Naulizwa kama hilo si hasara. Mke wangu aliwahi kupiga hesabu ya wasomaji wasionunua, akanionyesha karatasi, na kwa wiki moja nikawa muuza duka wa kweli: "Unanunua au hununui?" Baraza ikabaki tupu. Na baraza ikiwa tupu, hata anayenunua hasimami, hudhani duka limefungwa. Ikabidi niwaendee wale watoto mmoja mmoja, wengine kwao, kuomba radhi. Mmoja wao, aliyesoma kwangu miaka minne bila kutoa shilingi, ndiye mwongozaji wa filamu. Hajanunua kitabu hadi leo. Ameniletea filamu.

Mbona vitabu vya nje ni ghali hivi?

Bei ya dola, nauli ya meli au ndege, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo vitabu hapa Kenya vimekuwa vikitozwa tangu sheria ya 2013. Mimi naongeza kidogo juu. Mwenye haraka ya bei nafuu aende kwenye rafu ya mitumba.

Mnanunua vitabu vya zamani?

Ndiyo, nikishavinusa. Kitabu chenye harufu ya udongo kimeshaonana na mchwa, na siwezi kumwingiza dukani hata akija na kitabu cha dhahabu.

Nivitunzeje vitabu vyangu kwa unyevu huu wa Mombasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo ninalolijibu kwa urefu mpaka watu hujuta kuuliza.

Kwanza ujue unapigana na nini. Karatasi ya katuni za zamani ni ya bei rahisi, ile ya magazeti, iliyosagwa kutoka kwenye mti ikabaki na lignini yake, ile gundi ya asili ya mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka rangi ya chai na kutoa asidi, na asidi huifanya karatasi ivunjike kama chapati ya jana. Hilo hutokea popote duniani. Sisi tuna la ziada: unyevu. Karatasi hupendelea hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi au chini yake, na hapa mara nyingi hupita 70. Kuvu hupata makazi, pini za chuma hushika kutu kwa ile hewa ya chumvi, na kutu hula karatasi kuanzia katikati.

Sasa dawa. Usiweke vitabu sakafuni wala usivibane na ukuta wa nje. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji masika nzima na kuyatoa pole pole. Weka rafu vidole vinne mbali na ukuta. Visimamishe wima, visilegee wala visibanane. Jua lisivifikie. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usivitupe, vitie ndani ya boksi na ubadilishe vikishanyonya. Kila kaskazi, Januari au Februari, vitoe vyote, fungua madirisha, vipigwe na upepo kivulini siku nzima, na ufute rafu kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo utakapomkuta yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekula gundi.

Wakusanyaji wa nchi baridi huvalisha kila kitabu mfuko wa plastiki na kuufunga. Hapa ukifunga umefungia unyevu ndani. Na tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, mimi sijihusishi nayo. Natumia jalada la karatasi isiyo na asidi, na mnunuzi huja na kikapu chake.

Selotepu, kamwe. Ukurasa uliochanika ni jeraha, ukurasa wenye selotepu ni msiba.

## Filamu

Ni filamu ya aina gani?

Dakika 33, Kiswahili cha Mombasa kisichonyooshwa, imepigwa kwa simu mbili, moja ikiwa na kioo kilichopasuka. Waigizaji ni majirani. Adui mkuu anauza nazi karibu na duka, na tangu mwaka jana watoto wanamzomea bila kosa. Bei ya nazi kwake imebaki ile ile.

Shujaa ni nani, na ana nguvu gani?

Ni binti anayeuza maji kwa mkokoteni. Mwenye kuishi Mombasa hahitaji kuelezwa: mfereji ukikauka, mitungi ya njano ndiyo maisha. Nguvu zake humjia akiwa karibu na kisima, na humtoka akiguswa na shaba.

Hapo wenye masikio hushtuka, na ndivyo tulivyotaka. Watu huniambia supahiro ni mambo ya Wazungu. Mimi huwauliza, Fumo Liyongo alikuwa nani? Jitu lenye nguvu kupita kiasi, mtawala wa Pate anamwogopa, anamtia gerezani. Mamake anampelekea mkate, na ndani ya mkate mna tupa. Nje watu wanaimba na kupiga ngoma, ndani yeye anakata minyororo, na hakuna anayesikia. Ana siri moja tu: hauawi na kitu ila sindano ya shaba kitovuni. Na anayeitoboa siri hiyo ni mwanawe mwenyewe, ingawa wapo wanaosema mpwawe. Nguvu, adui, udhaifu mmoja wa siri, usaliti wa ndani. Niambieni kilichokosekana. Mavazi?

Ila kilichomshika mwongozaji wetu ni mwisho wake. Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, mshale tayari. Watu hawakujua kama yu hai au amekufa, wakaogopa kuteka maji kwa siku nyingi. Mwongozaji alikuwa na miaka kumi na miwili nilipomsimulia hayo barazani. Wenzake waliuliza juu ya upinde. Yeye aliuliza: "Sasa maji walikuwa wakipata wapi?" Filamu yote imetoka hapo.

Ndiyo filamu ya kwanza ya supahiro Kenya?

Hata si ya pili. Wasiojua na waitafute *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018: mtoto Jo ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ana ndoto ya kuwa supahiro, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Ilionyeshwa Berlin mwaka huo, na Kenya ikaiteua kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Vijana wetu waliitazama wakaelewa kwamba kijiji kikiamini mtoto anaruka, basi anaruka.

Na kwenye karatasi tulikuwamo zamani zaidi. Ororo, yule mwanamke wa radi na dhoruba wa katuni za Marvel, alianza kuchapishwa 1975, na mamake ni Mkenya. Kila mara nikilitaja hili kuna mtu barazani anayedai ni jamaa yake.

Aliruka vipi juu ya paa?

Alilala kwa tumbo juu ya meza ya duka, nyuma yake pametundikwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye mapambo ya harusi. Kompyuta hufuta kila kilicho kijani na kuweka picha nyingine pale. Kijani huchaguliwa kwa sababu ngozi ya mtu haina rangi hiyo, na kwa sababu kamera za siku hizi zina vipokezi vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu, kwa hivyo huiona vizuri zaidi.

Tatizo: leso aliyojifunga mgongoni ilikuwa na korosho za kijani. Kompyuta ikazifuta nazo. Katika filamu, akiruka, leso yake ina matundu na ndani ya matundu unaona bahari. Watazamaji walipiga makofi wakidhani ni ufundi, na sisi hatukuwasahihisha hadi hapa.

Kwa nini mgongoni ameandikwa "Akiba haiozi"?

Ndilo jina la leso yenyewe. Mamake mwigizaji alikuwa na doti mbili kabatini, na ya pili ilikuwa na fumbo ambalo halikufaa mbele ya watoto.

Mlipiga ndani ya Fort Jesus? Na mbona hamkutumia droni?

Nje tu, kutoka upande wa barabara. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na kupiga filamu ndani kuna taratibu na ada zake. Droni inahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mji wenyewe una bandari na uwanja wa ndege. Ile picha ya juu mnayoisifu imepigwa kutoka orofa ya tatu kwa simu iliyofungwa kwenye mti wa kuangulia maembe.

Imepita Bodi?

Ndiyo. Filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani Kenya huainishwa kwanza na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa madaraja ya GE (ya watu wote), PG, 16 na 18. Yetu ni PG, maana yake mtoto atazame akiwa na mzazi. Kuna onyesho la sindano ya shaba linalowatisha wadogo. Mwanangu wa miaka mitano alijificha kwapani mwangu, kisha akaomba lirudiwe.

Mbona haiko mtandaoni?

Redio ya kinyozi. Katika onyesho la sokoni inasikika nyuma ikipiga wimbo wa mtu, na wimbo wa mtu una mwenyewe hata ukisikika kwa mbali. Tumeitoa sauti ile na kurekodi upya soko zima ndani ya stoo yangu, kwa sufuria na watu wanne. Toleo hilo litaonyeshwa kwa mara ya kwanza siku ya sherehe, kisha tutalipandisha mtandaoni.

## Mengineyo

Nije nimevaa kama shujaa?

Karibu. Silaha ziwe za maboksi, na barakoa uivue ukipita kwa walinzi au ukisalimia wazee.

Naweza kuuza fulana zenye Superman siku hiyo?

Mbele ya duka langu, hapana. Alitokea mara ya kwanza 1938 na watu hudhani zamani hiyo inatosha. Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi na mchoraji hudumu miaka 50 baada ya kifo, na wa mwisho kati ya wawili waliombuni alifariki 1996. Piga hesabu mwenyewe. Juu ya hayo kuna alama za biashara, ambazo hazifi ovyo. Chora wa kwako. Yule binti wa maji alichorwa nyuma ya risiti.

Mimi nachora. Mtauza kitabu changu?

Lete nakala tano, zichapishwe na kushonwa, bei umeweka wewe. Zikiisha utaleta kumi. Sichukui hadithi za "nitamalizia baadaye", ninazo rafu nzima. Na kabla hujamwonyesha mtu mwingine, fikiria kuisajili kazi yako katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki unayo tangu ulipochora, ila cheti husaidia siku ya ugomvi.

Stima zikipotea katikati ya filamu?

Mwaka jana zilipotea dakika ya 21, binti akiwa hewani. Watu walisubiri, wakaanza kukunja mikeka. Mwongozaji akaleta michoro yake, ile ya kupangia kila onyesho, akasimama mbele ya shuka, wenye simu wakamulika tochi, akasimulia yaliyobaki ukurasa kwa ukurasa. Muuza nazi alisimama kando yake akayasema maneno ya adui kwa kichwa. Muuza kahawa akaongeza sauti ya mawimbi kwa vikombe.

Safari hii jenereta imekodiwa. Michoro nayo itakuwepo.

Mnaweza kuizima stima makusudi, iwe kama mwaka jana?

Tumeshaombwa na watu watatu, mmoja wao mamangu. Jibu ni hapana, jenereta nimeshailipia.